Haraka kwa Mashine ya Nani?

Sentensi iliyonifanya niandike haya niliambiwa Jumamosi moja mchana, kwenye kikao cha vijana wa programu hapa kisiwani. Nilikuwa nimeeleza, kwa aibu kidogo, kwamba Git kwenye laptopu yangu ikianza kupanga mafaili yake naweza kwenda msikitini, nikaswali adhuhuri, nikarudi, na bado haijamaliza. Jamaa mmoja aliyekuja likizo kutoka Nairobi, laptopu mpya mapajani, hakunyanyua hata macho. "Git inatumia mmap, bro. Mmap ni haraka. Tatizo ni mashine yako."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, manake Mombasa ukichekwa dawa yake ni kucheka kuwashinda. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani kupitia Ndia Kuu, sentensi ile iliendelea kuniwasha. Uongo haikuwa. Ilikuwa nusu ya ukweli iliyovishwa kanzu ya ukweli mzima, na nusu iliyoachwa nje ndiyo inayotuhusu sisi tulio wengi.

Hoja yangu ni nyepesi kuitaja. Hakuna programu iliyo haraka hivi hivi tu. Kuna programu iliyo haraka kwenye mashine fulani, kwa kazi fulani, katika hali fulani. Mtu anayesema "haraka" bila kutaja mashine, mashine anayoitaja ni yake mwenyewe. Na akimalizia kwa "tatizo ni mashine yako", basi ameshaacha kuzungumza uhandisi. Anazungumzia nani ana haki ya kuhesabiwa.

Nijitambulishe, ili ujue naandika nikiwa wapi. Nimezaliwa Mji wa Kale, nina miaka ishirini na kitu, na kula yangu ni kuandika makala kwa wateja wanaolipa kwa idadi ya maneno. Chuo nilikiacha mwaka wa pili. Karo ilishinda, na sitajifanya kulikuwa na sababu nyingine ya heshima zaidi. Laptopu yangu ni mtumba, zile tunazoita ex-UK, nilinunua Mwembe Tayari kwa shilingi elfu kumi na nane. Ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, ile ya zamani inayotoa mlio ukiweka sikio. Mashine kama hii si kioja. Pita vibanda vya mitumba vya mji huu, uhesabu ngapi zinazouzwa ni za namna hii, kisha uje uniambie mimi ndiye niliye tofauti.

Kwa nini mwandishi ahangaike na programu ya kudhibiti matoleo? Kwa sababu ya ami yangu. Ana madaftari ya mashairi aliyoachiwa na babake, yameandikwa kwa hati ya Kiarabu, wino umefifia na karatasi zinavunjika pembeni. Mie nayapiga skani, nayanukuu kwa herufi za Kirumi, na ami ananisaidia kusoma penye utata. Leo anasoma neno hivi, wiki ijayo anakumbuka namna marehemu alivyolitamka na anasoma vingine. Nataka masomo yote mawili yabaki, na tarehe zake.

Mji huu unajua thamani ya jambo hilo. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, tunayo leo kwa sababu miongo mingi baadaye Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na W. E. Taylor, na hatimaye William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Kati ya kinywa cha mshairi na kitabu kuna karne nzima ya kukumbuka, kunukuu na kusahihisha. Nani alibadilisha nini, lini, na kabla ya hapo palisemaje? Swali hilo ndilo Git inalijibu. Kwa hiyo sikuichukua kama mchezo wa watu wa teknolojia. Niliichukua kama karani.

Sasa, mmap ni kitu gani hasa? Chukulia una duka la viungo Marikiti, na bohari lako liko Shimanzi. Nyuma ya duka kuna stoo ndogo. Mteja akitaka iliki, hamali analeta gunia kwa mkokoteni kutoka Shimanzi mpaka stoo, kisha wewe unachota kutoka stoo unamwaga kwenye bakuli la kaunta, unapima, unauza. Hivyo ndivyo programu inavyosoma faili kwa njia ya kawaida. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inatoa data kwenye diski na kuiweka kwenye akiba yake ndani ya RAM, halafu inainakili tena kwenye sehemu ya RAM iliyo ya programu. Mnakili mara mbili, na kila mnapochota kuna kuitana na kuitikiana.

Mmap inabomoa ukuta kati ya stoo na kaunta. Unanyoosha mkono unachukua moja kwa moja. Zaidi ya hapo, unapewa rafu ndefu ambayo kila kitu kilichoko Shimanzi kimeandikwa jina lake, kana kwamba kipo hapo hapo. Ukigusa kilichoko stoo, unakipata papo hapo. Ukigusa ambacho bado kiko Shimanzi, mkono wako unaganda hewani, duka zima linasimama, na mkokoteni unatumwa. Kuganda huko wataalamu wanakuita kosa la ukurasa, kwa kuwa data inaletwa kwa kurasa, na kwenye laptopu zetu nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Wewe muuzaji huna habari ya safari. Kwako ulinyoosha mkono tu. Uzuri wa mmap uko hapo, na ubaya wake uko hapo hapo.

Git ilianzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, wakati watengenezaji wa Linux walipopoteza leseni ya bure ya programu iliyoitwa BitKeeper. Inahifadhi historia yako ndani ya mafurushi, faili kubwa zenye vitu vingi vilivyobanwa pamoja, na mafurushi hayo inayasoma kwa mmap. Mwanzoni ilikuwa inaliunganisha furushi zima kwa mpigo. Mashine za biti 32 zikalia. Anwani zote za mashine kama hiyo ni GiB 4, na sehemu yake moja inachukuliwa na keneli, kwa hiyo mradi wenye historia nzito ulikuwa haupati pa kukaa. Mwishoni mwa 2006 Shawn Pearce akaandika utaratibu wa madirisha: badala ya kufungua furushi lote, Git inafungua kipande, ikimaliza inasogea. Ukaingia kwenye toleo la 1.5.0, Februari 2007.

Natia historia hiyo makusudi. Kuna siku wenye mashine ndogo walipiga kelele na programu ikabadilika kwa ajili yao. Jibu walilopata halikuishia kwenye "tatizo ni mashine yenu".

Madirisha hayo bado yapo, na ukubwa wake umeandikwa kwenye maelezo rasmi ya Git. Kwenye mashine ya biti 32 dirisha moja ni MiB 32, na jumla ya yote isizidi MiB 256. Kwenye biti 64 dirisha ni GiB 1, na jumla ni TiB 32, ambayo ni sawa na kusema hakuna kikomo. Nilipoona namba hizo mara ya kwanza damu ilinichemka. Laptopu yangu ya GB 4 ni ya biti 64, kumbe naruhusiwa TiB 32! Nikafungua jedwali la programu zinazoendesha, nikaona Git imejiandikia kumbukumbu nyingi kupita kiasi, nikasema nimemkamata mwizi. Nikapunguza dirisha mpaka MiB 1.

Haikusaidia kitu. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu nalikiri hapa kwa sababu hoja isiyokiri kosa ni kelele tu. Namba ile ni urefu wa rafu yenye majina, haisemi ni magunia mangapi yaliyofika stoo. Kuunganisha GiB 1 hakuli RAM ya GiB 1. Kinacholiwa ni kurasa zilizoguswa, na hata hizo keneli inaweza kuzitupa wakati wowote pakibana, manake nakala yake iko diskini. Ukipunguza dirisha unamwongezea hamali safari za kwenda kuuliza, basi. Maelezo rasmi yenyewe yanaonya kwamba madirisha madogo yanapunguza kasi kwa kuzidisha miito kwa msimamizi wa kumbukumbu.

Kwa hiyo nimpe mtetezi wa mmap haki yake, yote. Inaondoa kunakili mara mbili. Programu mbili zikisoma furushi lilelile zinatumia kurasa zilezile. Na kwa Git hasa kuna sababu nyingine ya nguvu: furushi likishaandikwa halibadilishwi. Linasomwa tu, hadi siku litakapotengenezwa jipya na la zamani kufutwa. Hatari kubwa za mmap huja unapoandika juu ya kilichounganishwa, na Git haifanyi hivyo kwa mafurushi. Kwa mwenye RAM ya GB 32 na diski ya SSD, yule jamaa wa Nairobi alisema kweli tupu.

Sasa tuje kwangu.

Diski yangu inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi, na kwa wastani unasubiri nusu ya mzunguko ndipo kipande unachotaka kipite chini ya kichwa cha kusomea. Kabla ya hapo kichwa chenyewe lazima kisogee, tuseme milisekunde 10 nyingine. Jumla ni kama 15 au 16. Basi kwa sekunde moja diski inamudu safari 60 na kitu za huku na huku. Kila safari ikileta ukurasa mmoja wa baiti 4,096, unapata kama kilobaiti 250 kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikisoma kwa mfululizo bila kuruka inatoa megabaiti makumi kadhaa kwa sekunde, zaidi ya mara mia. Keneli inajitahidi kubahatisha, inaleta na kurasa za jirani ikidhani utazitaka. Wakati mwingine inapata. Lakini Git ikitafuta toleo la zamani la kitu inaruka ruka ndani ya furushi, manake toleo moja huhifadhiwa kama tofauti na jingine, na hilo tofauti na jingine, mnyororo unaoweza kufika hatua 50. Kwenye SSD kila ruko ni kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde au chini. Kwangu kila ruko ni safari nzima ya mkokoteni hadi Shimanzi na kurudi.

Hilo peke yake ningelivumilia. Kinachoua ni jambo la pili, nalo halitajwi kwenye sifa za mmap kwa sababu halimo ndani ya mmap. Limekaa pembeni yake.

Git ikipanga upya mafurushi inalinganisha kila kitu na vingine 10 vya karibu ili itafute tofauti ndogo zaidi. Vitu hivyo lazima viwe vimefunguliwa ndani ya RAM, kumbukumbu ya kweli, ambayo keneli haiwezi kuitupa tu kama kurasa za mmap. Na kazi hiyo inagawiwa nyuzi kadiri ya hesabu ya prosesa. Yangu inaonyesha nne. Skani zangu za TIFF ni kama MB 50 kila moja. Zidisha mwenyewe: 10 mara 50 mara 4 ni MB 2,000, na bado hujaweka fahirisi za kulinganishia. Kikomo cha kumbukumbu hiyo kipo kwenye mipangilio, kinaitwa pack.windowMemory. Thamani yake ya kuanzia ni sifuri. Sifuri hapo maana yake ni kwamba kikomo hakuna.

Angalia basi kinachotokea. Kazi ya kulinganisha inajaza RAM. Keneli inatafuta pa kupumulia, na cha rahisi kutupa ni kurasa za mmap, manake zinaweza kusomwa tena. Inazitupa. Sekunde inayofuata Git inanyoosha mkono kwenye kurasa zilezile. Mkokoteni Shimanzi. Zinaletwa, zinatupwa, zinatakiwa. Mashine haijafa, taa ya diski haizimi, kishale hakisogei, na mie nimekaa na makala ya mteja isiyofunguka, nalipwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mmap na windowMemory kila moja peke yake ina sababu zake. Zikikutana kwenye GB 4, ya kwanza inageuzwa kafara ya ya pili.

Ndiyo maana nasema vipimo vya kasi tunavyoonyeshwa vinadanganya bila kusema uongo. Chukua amri moja ya Git, iendeshe mara mbili mfululizo chini ya /usr/bin/time -v, halafu soma mstari unaohesabu makosa makubwa ya ukurasa, yale yaliyolazimu kwenda diskini. Mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine, maelfu. Mara ya pili, karibu na sifuri, kwa sababu kila kitu tayari kiko stoo. Mwenye RAM nyingi anaishi ndani ya ile mara ya pili siku nzima. Mwenye RAM chache kila mara kwake ni ya kwanza. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na huyu aliyeshiba ndiye anayeandika kipimo.

Kuna gharama nyingine ambayo haipimwi kwa sekunde kabisa.

Kwa muda hazina yangu ya Git nilikuwa naiweka kwenye flashi, kwa vile diski ilikuwa imejaa. Ujinga, najua. Jioni moja naomba historia ya daftari la tatu, Git ikakatika ikaacha maneno mawili: "Bus error". Nikacheka, basi gani tena? Nikarudia. Ikakatika. Nikadhani Git imeharibika, nikaiweka upya, nikarudia. Nikarudia tena na tena usiku ule, kila mara nikiisugua flashi ileile.

Flashi ilikuwa inakufa. Programu ikisoma faili kwa njia ya kawaida na diski ikashindwa, mwito ule unarudi na jibu: kosa la kusoma. Programu inaweza kusimama na kukwambia, faili fulani haisomeki. Kwa mmap hakuna mwito wa kurudisha jibu. Ulinyoosha mkono tu. Keneli ikishindwa kuleta ukurasa haina pa kuandika barua, inaipiga programu ishara inayoitwa SIGBUS, na programu isiyojiandaa inaanguka hapo hapo. Mmap haikuiua flashi, sitaisingizia. Lakini iliniondolea sentensi moja ya wazi ambayo ingenifanya nisimame, ninakili kinachosomeka, niokoe kilichobaki. Kufikia asubuhi flashi haikuonekana kabisa.

Mafaili mengi nilikuwa na nakala yake. Ambayo sikuwa nayo ni wiki mbili za kazi ya daftari la tatu, siku ambazo ami alikaa nami kila baada ya alasiri akisoma maneno ambayo mie siyawezi. Ami ana mtoto wa jicho. Mwaka huu anasoma kidogo kuliko mwaka jana.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa hasira. Nikakuta kwamba mabishano haya ni ya zamani na wakubwa hawajakubaliana. Mwaka 2022 Andrew Crotty, Viktor Leis na Andrew Pavlo walitoa makala ya kitaalamu yenye kichwa cha kuuliza kama kweli una hakika unataka kutumia mmap kwenye mfumo wako wa hifadhidata. Jibu lao, kwa ufupi, ni usitumie. Wanataja kusimama kusikotabirika, makosa yasiyoshikika vizuri, na msongamano ndani ya keneli pale kurasa zinapotupwa kwa wingi. MongoDB walianza na hifadhi ya mmap, wakaiondoa kwenye nafasi ya kwanza mwaka 2015 na kuifuta kabisa mwaka 2019. SQLite wanayo tangu 2013, lakini kwa kawaida huja imezimwa. Anayeitaka aiwashe mwenyewe, akijua anachokifanya.

Na hapa kuna kundi la pili ninalogombana nalo: wale waliosoma kichwa cha makala ile ya 2022 na sasa kila mahali wanatangaza kwamba mmap ni haramu. Makala ile inazungumzia hifadhidata, ambazo nyingi huandika juu ya data yake. Furushi la Git haliandikwi juu. Ukimwambia mtu wa Git aache mmap kwa sababu za MongoDB, umefanya kosa lilelile la yule jamaa wa Nairobi: umebeba jibu ukaacha swali nyumbani.

Ni kosa tulilofundishwa. Chuoni tulisoma kumbukumbu pepe na makosa ya ukurasa. Tulinakili mchoro ubaoni, tukaukariri, tukaurudisha kwenye karatasi ya mtihani, nikapata alama nzuri tu. Hakuna siku hata moja tuliyohesabu makosa ya ukurasa kwenye mashine zetu wenyewe, na zilikuwa mapajani mwetu, zinapiga kelele. Mashine mbovu ni mwalimu mzuri kuliko mashine nzima, kwa sababu inaonyesha mishono. Darasa zima la mitumba, na hakuna aliyetuambia tulikuwa tumekalia maabara.

Watu wataniambia, weka kila kitu mawinguni ukae raha. Ni kweli kebo za chini ya bahari zinatua Mombasa hii hii, SEACOM na TEAMS tangu 2009. Lakini kebo kutua ufuoni na bando kuingia kwenye simu yangu ni safari mbili tofauti, na ya pili nailipia mwenyewe. Skani za daftari moja zinamaliza bando la wiki. Wengine wataniambia programu ni ya bure, mtu hukosoi zawadi. Mie nasema zawadi inayotumiwa na dunia nzima ni kama barabara ya umma. Thamani za kuanzia ndizo sheria za barabara hiyo, kwa sababu watumiaji wengi hawatazigusa maisha yao yote. Anayechagua sifuri imaanishe "bila kikomo" ameamua mashine ya kawaida ni ipi. Hakukusudia ubaya. Aliangalia iliyo mbele yake.

Ninachodai si kikubwa. Programu inayohesabu prosesa ili igawe nyuzi inaweza kuhesabu na RAM pia, ikajiwekea kikomo chenye akili. Programu inayotumia mmap inaweza kuikamata ile ishara ya SIGBUS ikaacha neno moja la kueleweka kabla ya kufa. Mwenye kuandika kwamba kitu ni haraka aandike na mashine aliyopimia, na kama akiba ilikuwa tupu au imejaa. Na sisi huku tuache kuona haya. Tupime, tuandike, tupeleke. Mwaka 2006 iliwezekana.

Na mie nilitengeneza kwangu. Nyuzi nimeziweka moja, pack.threads 1. Kikomo cha kulinganisha nimekiweka MB 100. Core.bigFileThreshold, ambayo kwa kawaida ni MiB 512, nimeishusha hadi MiB 1, ili picha zihifadhiwe bila kutafutiwa tofauti ambayo haipo. Mwishowe skani nikazitoa ndani ya Git kabisa, nikaacha maandishi tu, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningeuliza. Flashi nimeacha. Sasa Git inapanga mafurushi yake nikiwa nachemsha chai, na chai haijawahi kuungua.

Daftari la tatu tumelianza upya. Nilipomwambia ami kilichotokea alinyamaza kidogo, akauliza, "Yale ya mwanzo yamepotea yote, mwanangu?" Nikamwambia yote. Akavuta kiti karibu na dirisha, akaomba miwani. Kuna neno kwenye ukurasa wa nne ambalo mara ya kwanza alilisoma kwa uhakika, bila hata kusita. Safari hii aliliangalia muda mrefu, kisha akasema niache pengo.